Kipande Kilichobaki Nje ya Mstari

Kazi yangu ni kutengeneza ramani za slaidi. Nikisema hivyo watu hudhani ninachora, na mimi siwezi kuchora hata kikombe. Ninachofanya ni kuchukua nchi ambayo mtu mwingine ameshaikata vipande, nikaipaka rangi anazotaka mteja. Kila kaunti ni kipande chake. Ukiibonyeza Kwale, inashikika Kwale peke yake. Unaweza kuifanya nyekundu, ukaikuza, ukaivuta kando ya ukurasa na maelezo yake. Wanaokuja kwangu ni watu wa mashirika, wahubiri wanaotaka kuonyesha makanisa yao yamefika wapi, wauza mbolea, na wanafunzi wa chuo wenye haraka. Wote wanataka ramani watakayoweza kuibadilisha wenyewe baadaye. Kisha wakifika kwao wanaivuta upande mmoja mpaka Kenya inakuwa nyembamba kama samaki ng'onda, na anayepigiwa simu ni mimi.

Nimekodi chumba Bombolulu, baina ya fundi wa viatu na duka la maziwa, na kazi hii nimeifanya miaka mingi. Kuna jambo moja tu ambalo sikulizoea. Ukikiondoa kipande, jirani zake hawasogei. Panabaki pengo jeupe lenye umbo lile lile, na nchi iliyobaki imetulia kama haijapungukiwa na kitu. Kila nikiliona pengo hilo hunishika woga mdogo, nikairudisha kaunti ya watu mahali pake upesi. Sikumwambia mtu, maana ni aibu mtu mzima kuogopa slaidi.

Nyumbani kwetu ni Kisauni, mtaa wa zamani ulio baina ya barabara na hori la bahari. Naishi na mama mkubwa, dada yake mama, ambaye alinichukua mamangu alipofariki na akanilea. Nyumba yake ndiyo ya mwisho upande wa maji. Mbele ina uchochoro, ubavuni ina ukuta wa jirani, na nyuma kuna mlango wa jikoni unaofungukia ua mdogo, kisha mikoko, kisha matope. Kwa nyuma hakuna njia. Hata paka hapiti huko maji yakiwa yamejaa.

Mtaa wetu una desturi ya kuzungusha ng'ombe. Maradhi yakizidi, au misiba ikifuatana, wazee wa msikiti hutafuta ng'ombe akazungushwa mtaa mzima baada ya sala ya alasiri, watu nyuma yake wakisoma. Kwenye kila pembe ya mtaa msafara husimama, mtu akaadhini. Ng'ombe hurudi msikitini alikoanzia, huchinjwa, na nyama hugawiwa nyumba kwa nyumba. Maana yake anaijua kila mtu. Mabaya yaliyomo mtaani hufukuzwa yakatoka, na njia aliyoipita ng'ombe huwa mpaka ambao hayawezi kuuvuka tena. Moja ya pembe hizo ilikuwa ya nyumba yetu. Mama mkubwa alikuwa akikaa barazani na mrashi wa marashi mkononi na chetezo cha udi miguuni, akiwarashia watu wakipita, na kwa siku mbili tatu baadaye alikuwa akitembea kwa madaha.

Mwaka ule watoto waliugua sana homa, na nyumba mbili ziliungua katika mwezi mmoja. Wazee wakasema ng'ombe azungushwe. Shida ni kwamba mzee aliyekuwa akiongoza njia alikuwa amefariki, na mtaa ulikuwa umejaa maghorofa na kuta mpya zilizokata vichochoro. Kila mzee alikuwa na njia yake, na kila mmoja alikuwa tayari kuapa. Ndipo katibu wa msikiti, mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu, alipokuja chumbani kwangu Bombolulu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia wewe siku hizi wakata nchi vipande."

"Nakata, mwalimu."

"Basi tukatie na mtaa."

Nikamkatia. Nilichukua picha ya mtaa iliyopigwa kutoka juu, nikaiweka chini, nikafuata kuta juu yake kwa kipanya, nyumba moja moja, mpaka kila nyumba ikawa kipande kama zilivyo kaunti. Niliianza yetu. Ningeanza wapi tena? Siku kadhaa sikufanya kazi nyingine yoyote, na wauza mbolea walinikasirikia.

Vipande vilipokamilika, kilichobaki kilikuwa ni kuupata mstari wa njia. Namna yake ni rahisi. Unashikilia kitufe kimoja cha pembeni kwenye kibodi, unabonyeza vipande kimoja baada ya kimoja, kisha unatoa amri ya kuunganisha, navyo vinakuwa mwili mmoja. Ukingo wa mwili huo ndio mstari wako. Kuna hadhari moja tu ambayo huwaambia wote ninaowafundisha: kipande ulichokwisha kukibonyeza usikibonyeze tena, kwa sababu mara ya pili huachiliwa. Nilianza na nyumba yetu. Nikauzunguka mtaa, nyumba baada ya nyumba, kama anavyozungushwa ng'ombe, kisha nikaingia ndani nikavijaza vya katikati, na mwisho nikarudi kwetu nikaibonyeza nyumba yetu tena. Mzunguko huishia ulipoanzia. Mkono ulifanya hivyo wenyewe, na mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria chai.

Nikaunganisha. Mtaa wote ukawa kijani, na nyumba yetu nayo ilikuwa kijani tangu mwanzo, kwa hiyo sikuona tofauti. Nikaufanya ukingo uwe mweusi na mwembamba, nikaandika majina ya vichochoro, nikaihifadhi faili.

Ramani ilionyeshwa ukutani katika ukumbi wa madrasa, mchana, madirisha yakiwa yamefunikwa kanga ili mwanga usiingie. Wanaume walikaa mbele, sisi wanawake nyuma ya pazia lililoachwa wazi kidogo. Katibu alikuwa akieleza slaidi kwa slaidi, na wazee waliokuwa wakibishana wiki nzima walinyamaza, kila mmoja akiitafuta nyumba yake. Imamu akaniombea dua, mimi kwa kutajwa, binti wa mtaa aliyetufaa kwa elimu yake. Sikuwa nimewahi kusifiwa mbele ya watu. Nilikuwa mtu wa kuulizwa lini ataolewa, kisha mtu wa kuulizwa kwa nini ameachika. Uso uliniwaka. Nikamgeukia mama mkubwa.

"Waiona nyumba yetu?"

Alikuwa akiutazama ukuta bila ya kupepesa. "Naiona," akasema. "Imekaa vizuri."

Siku ya ng'ombe tulifagia baraza mapema. Mama mkubwa alivaa leso mpya, akaweka makaa, akatia udi. Tuliwasikia wakitoka msikitini, sauti nyingi zikisoma kwa pamoja, zikizunguka upande wa barabara, zikipotea nyuma ya maghorofa, kisha zikianza kutujia. Zilikuja mpaka nyuma ya ukuta wa jirani. Nilimsikia ng'ombe akipumua. Zikasimama. Mtu akaadhini pale, upande wa pili wa ukuta, karibu sana hata tungeweza kumwitikia bila ya kupaza sauti. Kisha wakaanza kusoma tena, na sauti zikageuka zikaenda zao.

Mama mkubwa hakuinuka. Aliendelea kukaa na mrashi mkononi mpaka udi ukaisha. Mimi nilisema watakuwa wamekosea, huenda wanarudi. Aliitika kwa adabu, kama mtu anayemwitikia mgeni.

Nyama ilipogawiwa, ilifuatwa ramani ile ile. Haikufika kwetu.

Niliifungua faili kesho yake asubuhi. Nikabonyeza mtaa, na alama za kushikia zikajitokeza kuuzunguka, lakini upande wa maji ziliishia kwa jirani. Baina ya ukuta wa jirani na nyumba yetu palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele. Nikaibonyeza nyumba yetu. Ikashikika peke yake. Nililia pale kwenye kiti mpaka fundi wa viatu akaja kuuliza kuna msiba gani. Nikamwambia ni macho.

Hapo ndipo ningekwenda kwa katibu. Sikwenda. Ningewaambia nini watu walioniombea dua? Nikajipa sababu: ng'ombe ameshaliwa, na mambo haya ni ya wazee, na nyumba ni nyumba. Nilijua pia, kama anavyojua kila mtoto wa mtaa wetu, kwamba kilichofukuzwa ndani hutoka nje, na kwamba upande ule wa maji nje ilikuwa na nyumba moja tu.

Mambo yaliyofuata yote yana maelezo. Mwuza samaki aliacha kupita. Huenda alipata wateja kwingine. Wanawake waliokuwa wakialika harusi nyumba kwa nyumba walifika kwa jirani wakarudi, na nilipokutana na mmoja sokoni Kongowea aliapa kwamba kwetu walipita. Paka wa jirani aliyekuwa akilala barazani kwetu alihamia juu ya ukuta, akawa anakaa pale akitutazama. Watu walitusalimu tukiwa barabarani, lakini tukiwa mlangoni kwetu macho yao yalitupita. Nilikuwa nikijiambia haya ni mawazo yangu, kwa kuwa nina hatia.

Hodi sikuweza kuieleza. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Nilikuwa jikoni nikimenya muhogo. Mtu akabisha kwa nyuma. "Hodi." Sauti haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, nayo ilikuwa ya upole. Kwetu hodi hupigwa mara tatu; usipoitikiwa unaondoka. Ilipigwa mara tatu, kwa nafasi, kama inavyopasa, na adabu yake ndiyo iliyonitisha. Nikatazama penye ufa wa mlango. Palikuwa na maji, na mikoko, na mwanga. Nilipogeuka nilimkuta mama mkubwa amesimama nyuma yangu, kidole mdomoni.

"Usiitikie," akaninong'oneza. "Siku ya nne hii."

Ikapigwa tena. Haikuondoka.

Tangu siku ile alianza kunifukuza. Alikuwa hasemi kwa ukali. Nikirudi kazini ananiuliza kwa nini nisikae kwa mama mdogo, nduguye anayeishi karibu na msikiti. Nyumba ni kubwa, ana watoto, nitachangamka. Nikikataa, asubuhi naikuta mikoba yangu imepangwa mlangoni. Nilidhani amenichoka. Nilidhani amejua nilichokifanya na hataki kunitazama, na nikakasirika, kwa sababu mtu mwenye makosa hukasirika haraka. Yeye mwenyewe alikuwa akikonda. Alikuwa akikaa jikoni akiuelekea mlango wa nyuma, leso imefunika masikio.

Siku niliyoikuta mikoba kwa mara ya tatu sikustahimili. Nilikaa chini miguuni pake nikamwambia yote: kitufe, vipande, mkono wangu, mstari. Nilisema kwa haraka ili nisirudi nyuma. Nilipomaliza aliniwekea mkono kichwani.

"Nilijua, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu pale madrasa. Nimeona kwa mato yangu. Ule mstari ulipita baina yetu na jirani, nami hata miwani sina."

"Mbona hukusema?"

Alitafuta namna ya kulisema bila ya kuniumiza. "Ulikuwa ukisifiwa," akasema. "Wanaume wote wale. Nikitoa sauti pale, wangecheka. Nikasema, mimi ni mzee, nikae nde ya mstari siku chache kuna dhara gani? Wewe ndiye sikutaka ukae nde nami. Lakini husikii."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kunipenda kiasi kile, na sijui kama nilistahili. Nilimwacha pale pale, nikajitupia buibui, nikaenda mbio kwa katibu.

Katibu hakunikemea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia akaishika mapajani, na nikaona kwamba ana haya zaidi yangu.

"Nilisimama pale penye ukuta," akasema. "Nililiona paa lenu juu yake. Niliuona na moshi wa udi. Njia hii nimeipita tangu utoto wangu, nami najua kwamba twafika kwa mamako mkubwa. Lakini karatasi ya ramani ilikuwa mkononi. Nikaitazama karatasi, nikaifuata karatasi."

Akaivaa kofia tena.

"Ng'ombe mwingine hatuna," akasema mwisho. "Lakini kusoma twaweza. Kesho baada ya alasiri nitakuja na watu wanne. Tutaanzia penye ukuta wa jirani, tupite nyuma kwenye mikoko, turudi mpaka ukutani. Tutaifunga nyumba yenu pamoja na mtaa."

Usiku ule sikumwambia mama mkubwa. Alikuwa na homa, na nilitaka asikie adhana penye pembe yake, ghafla, ajue kwamba amerudishwa. Niliyafikiria hayo kama zawadi.

Walikuja kama walivyoahidi. Maji yalikuwa yametoka, wakapita nyuma kwenye matope, kanzu wamezikunja, wakisoma bila ya kusita. Mmoja aliadhini ubavuni mwa jikoni yetu, sauti nzuri, na nikatetemeka kwa furaha. Nilisimama barazani nikiwarashia marashi kwa mrashi wake. Wakafika ukutani walikoanzia, wakaomba dua, wakanywa kahawa, wakaenda. Paka wa jirani alishuka ukutani akaja mpaka kwenye ngazi. Nilimwona kwa macho yangu akishuka, na nikasema alhamdulillahi.

Nikaingia ndani. Mama mkubwa alikuwa ameketi kitandani, wima, leso imemwanguka mabegani.

"Wamekwisha?" akauliza.

"Wamekwisha, mama. Sasa na sisi tumo."

"Wameanzia wapi?"

"Ukutani kwa jirani. Wakapita nyuma, wakarudi pale pale."

"Kwa hivyo wamefunga."

"Wamefunga kabisa."

Alikitazama kitambaa cha meza iliyokuwa kando ya kitanda, akakinyoosha kwa kiganja ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Ungeniuliza kwanza," akasema. "Juzi ulipokuwa kazini niliwafungulia. Siku zote zile wamesimama juani, wapiga hodi na hawachoki. Niliona haya, mwanangu. Nikasema karibuni."

Nilimwuliza ni kina nani. Nilimwuliza wako wapi. Akageuza macho polepole kuelekea viti vya upande wa pili wa chumba, kisha akayarudisha upesi, kama anavyofanya mtu mwenye adabu anapozungumza juu ya wageni na wao wapo.

"Sema taratibu," akasema.

Nilirudi jikoni kwa kuwa miguu yangu haikujua pengine pa kwenda. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi kidogo, na nje jua la alasiri lilikuwa juu ya matope yenye alama za miguu ya wale watu watano. Nikausukuma mlango, nikatia komeo kama nilivyofanya kila siku ya maisha yangu, kisha nikasimama pale, mkono ungali juu ya komeo, nikijiuliza ninamzuia nani.